Zahanati Ng'ambo ya Reli

Kwa Chandulal, dukani,
Dodoma
12 Januari 2025

Kwako mpwa wangu Munira,

Assalaam alaykum. Salamu ninazokutumia ni nyingi mno. Zingepimwa kwa debe, basi la Songea lingekataa mzigo. Msalimie mkwe wangu Habibu. Mwambie lile bao alilolikimbia siku ya harusi bado limetandazwa, kete nimezifunika kawa zisizeeke.

Huku Zuzu mvua imenyesha vibaya. Korongo letu limeshuka na mti mzima, na juu ya mti kuku jike kaatamia mayai yake, hanyanyuki, anatutazama tu kama abiria. Niliona kwa macho haya. Wengine waliona mti, kuku hawakumwona, kwa sababu si kila mtu anajua kutazama.

Utajiuliza kwa nini mtu mwenye simu anaandika barua. Simu haipo. Nilikuwa mnadani nanadi fahali mmoja wa Kibakwe, mimi ndiye dalali, maana fahali wa namna ile hapewi dalali mdogo. Nikamsogelea nimwonyeshe meno kwa wateja, simu mkononi, akaikomba na ulimi, akaimeza kama hindi bichi. Tukapiga namba: ikaita tumboni. Mnunuzi wa Morogoro akamchukua kwa ajili ya ule mlio. Kwa hiyo ukipiga namba yangu, ujue unampigia ng'ombe. Nyingine sinunui kwa sasa. Karatasi huliwa na mbuzi tu, na mbuzi nawamudu.

Mama yako anakusalimu sana. Angeweka mstari wake hapa chini, ila kisu cha mboga kilimgusa mkono kidogo. Si kitu. Anauliza kichefuchefu kimeisha? Anasema ndoo usinyanyue, na ngazi usipande, na watu wakikusifu kwamba umependeza useme mashallah haraka. Mara hii, inshallah, tutampokea salama.

Sasa nije kwenye la maana. Nimechaguliwa kwenye kamati ya mtaa ya mpango wa mji mpya. Walitaka watu wenye elimu. Mimi niliishia darasa la tano, lakini la tano la zamani; mwalimu mwenyewe alikuwa ananiuliza hesabu. Mama yako atabisha, kwa kuwa kusoma alinifundisha yeye, kule Kondoa, kwa mkaa juu ya ungo. Lakini hata mwalimu bora anahitaji kichwa cha kufundisha.

Afisa aliyeletwa ni kijana anaitwa Jordan. Akatundika ramani pana kama shuka la bwana harusi. Manjano ni nyumba, nyekundu maduka, kijani viwanja vya watoto. Shule ipo, soko lipo, makaburi yapo. Nikamwambia, mwanangu, umetupatia makaburi kabla ya barabara, una haraka gani na sisi? Watu walicheka mpaka mwenyekiti akatoka nje kupumua. Mizabibu yako ipo pale kwenye njia panda, katikati ya manjano. Ndiyo, nasema yako. Nilikutamkia mbele ya watu siku ya harusi na sikuwa nimelewa, maana sinywi. Mwaka huu zabibu zimekuwa kubwa, moja anakula mtu na jirani yake.

Tatizo ni buluu. Buluu ni huduma, na buluu ya zahanati wameiweka ng'ambo ya reli. Nikamuuliza kijana, mgonjwa wa upande huu anavukaje? Akasema, "Mzee, umbali upo ndani ya kiwango." Nikanyamaza. Tangu nizaliwe ndiyo mara ya kwanza, na watu waligeuka kuangalia kama nimefariki.

Wewe kupanga miji ndiyo kazi yako. Niambie nimuulize nini.

Ni mimi mjomba wako,
Hamidu


Songea
2 Februari 2025

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imefika inanukia bizari ya dukani kwa Mzee Chandulal, nikaijua kabla ya kuona mwandiko. Habibu anakusalimu, anasema hakukimbia, alikwenda kumsindikiza bibi harusi. Baridi ya huku inaingia mpaka kwenye mifupa, lakini tunashukuru. Mimi ni mzima, na aliyemo ni mzima. Kazi tu ndizo nyingi; hata haya naandika kwa vipande vipande mezani ofisini.

Kuhusu fahali, Mjomba, nimepiga namba yako. Haiiti tumboni wala mgongoni, inasema haipatikani. Nikampigia Mzee Chandulal, akaniambia mama kaenda shughulini Kondoa. Wiki iliyofuata akapokea mkewe, Shantaben, akasema mama yuko kisimani. Kisimani kufanya nini, na bomba liko uani? Mwambie kama amenikasirikia aniambie.

Sasa mambo ya ramani. Jordan namfahamu. Tulisoma naye chuoni Chimwaga, na kwenye mitihani alikuwa ananipita. Usimbishie kiwango, kiwango anakijua. Ila kiwango hupimwa kwa rula, na rula haina miguu. Muulize mtu anafikaje. Mjamzito aliyeshikwa na uchungu, mzee mwenye pumu, mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine anavutwa mkono, mvua imenyesha, gari hakuna: anatoka mlango gani, anapita wapi, anakanyaga nini? Itembeeni hiyo njia kamati nzima, naye awepo.

Halafu ukumbuke, ardhi ya huduma mara nyingi ni ile inayobaki baada ya viwanja vizuri kugawiwa. Msikubali makombo. Tafuteni mahali ambapo njia za watu zimekutana zenyewe kabla hatujaja sisi na kalamu zetu, pawe juu ya korongo, na gari lifike hata masika. Na mkikataa pale palipowekwa, nendeni na pengine mkononi. Ramani haipendi tundu. Mkisema hapana na kukaa kimya, buluu itarudi palepale ilipokuwa.

Mwambie mama aniandikie mstari mmoja. Kama mkono wa kulia una kidonda, aandike hata kwa wa kushoto.

Mpwa wako,
Munira


Kwa Chandulal
23 Februari 2025

Kwako Munira, mtaalamu wetu,

Waalaykum salaam na marahaba, marahaba hiyo naitoa kwa mikono miwili. Ramadhani iko mlangoni, Mungu atufikishe. Barua yako ilikaa kwenye sanduku la posta, kwa kuwa Chandulal alikwenda Tanga kumwoza Nikhil, mwanawe, akaondoka na ufunguo kiunoni. Shantaben amenirudia na ladu za harusi ili nisimlaumu mumewe. Nimezila zote, na kumlaumu nimemlaumu.

Mama yako anakusalimu mno. Nimemsomea barua yako mara mbili, na ile habari ya Habibu kumsindikiza bibi harusi ilimchekesha.

Maneno yako nimeyafanyia kazi. Wengine kwenye kamati waliniuliza haya umeyatoa wapi, nikawaambia yamo kichwani siku nyingi, yalikuwa yanasubiri mkutano. Tumetembea. Wanawake walitangulia, na ndipo nilipogundua kwamba huu mtaa una njia mbili: ya wanaume, iliyonyooka kwenda kilabuni na barabarani, na ya wanawake, inayozunguka penye kivuli na penye nyumba ya mtu wa kumwachia mtoto. Ramani iliijua ya wanaume tu. Kijana Jordan alichora na kufuta, akachora na kufuta, mpaka penseli ikabaki kifutio.

Na nikupe kisa, ukawasimulie wenzako huko ofisini. Siku moja ya mvua, kijana alitaka kujua mgonjwa anafikaje ng'ambo. Nikamwambia, kujua kwa kuambiwa ni nusu, lala. Tukatoa kitanda cha kamba, tukamlaza, watu wanne tukanyanyua. Mimi mbele kulia, upande wenye uzito. Korongoni maji yalitufika kiunoni. Mimi nilikanyaga juu juu hivi, sikulowana sana. Tukatokea kwenye reli. Tunakuta treni ya mizigo imesimama inapishana na mwenzake, ndefu, kichwa kimefika Zuzu na mkia bado unaaga Kigwe. Mzima angepita chini ya mabehewa. Kitanda hakipiti. Tukaweka chini, tukangoja.

Mvua ikakatika, jua likatoka, lile la baada ya mvua lenye meno. Tukamfunika kanga usoni. Treni haiondoki. Kuna wakati alitaka kusema neno. Mdomo ulifunguka, likakataa kutoka. Nilimwinamia karibu, nikamwambia sema, nipo hapa. Halikutoka. Msomi mzima wa digrii! Watu walicheka sana.

Basi tangu hapo kijana ameelewa. Mkutano mkubwa utakuwa Mei, na tumeambiwa twende na mahali pengine mkononi, kama ulivyosema. Tumetafuta. Upande wetu huu kila penye nafasi pana msingi wa mtu au pana korongo. Panapojibu maswali yako yote pamepatikana mahali pamoja tu. Njia za wanawake zote zinapita hapo. Nitakuambia siku nyingine ni wapi, bado nafikiria namna ya kulisema.

Zabibu tumevuna. Kulibeba kila shada walihitajika wanaume wawili.

Mjomba wako,
Hamidu


Songea
10 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo, na Idi njema iliyopita.

Nimechelewa kujibu. Nilianza barua nyingi nikazichana.

Mama tangu lini anasomewa barua? Yeye ndiye anayewasomea mtaa mzima.

Jana nimempigia Jordan. Nilimwambia pole kwa kulazwa kitandani na kusubirishwa treni. Akasema, "Munira, mimi sikulazwa popote. Mimi nilishika mguu mmoja wa kitanda. Ilikuwa Januari, nilikuwa nimekuja kupima, nikakuta watu wanahitaji mtu wa nne." Nikamuuliza nani alikuwa juu yake. Akasema, "Muulize mjomba wako. Nilidhani unajua."

Nakuuliza, Mjomba. Nani alikuwa kitandani?

Na usinifiche kwa ajili ya hali yangu. Nami nilikuficha. Sipo ofisini tangu Januari. Naandika haya nimelala, daktari amekataza nisikanyage chini isipokuwa kwa lazima, na safari ndiyo kabisa. Sikutaka mama ajue, akaanza kumkumbuka yule mtoto wa kwanza tuliyempoteza. Kwa hiyo tumelala wote wawili, kama ninavyofikiri, na kila mmoja anamwambia mwenzake yuko kazini.

Munira


Kwa Chandulal
29 Aprili 2025

Munira mwanangu,

Alikuwa mama yako.

Ilikuwa asubuhi ya ile mvua. Alikuwa jikoni, nikasikia kishindo. Nikamkuta chini, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia na mguu wa kulia vimelala. Gari la kukodi lilikataa kushuka korongoni. Jirani wawili wakaja, na yule kijana aliyekuwa anachomeka vijiti vyake vya kupimia akaviacha vijiti. Mengine nilikuandikia. Maji, treni, jua, kanga usoni. Hapo sikuongeza kitu, ila kwamba watu walicheka. Hakuna aliyecheka.

Daktari kule mjini alisema ni kiharusi, na kwamba wangemwona mapema ingekuwa nafuu zaidi. Alisema taratibu tu, kama mtu anayesema juu ya hali ya hewa. Alilazwa wiki kadhaa, sasa yuko nyumbani. Anakaa, anakula mwenyewe kwa mkono wa kushoto, mguu umeanza kukumbuka. Akili yake ni ileile, inakata kuliko yangu. Maneno ndiyo hayajarudi vizuri. Yanakuja nusu, mengine yanakuja si yenyewe.

Fahali hakumeza simu. Iko kabatini kwa mama yako, imezimwa. Ungepiga ungesema nipe mama, naye angesikika, na wewe ungejua. Alinikataza. Maneno hakuwa nayo, lakini alionyesha tumbo, hivi, kwa mkono wa kushoto, akaonyesha huko uliko, akaweka kidole mdomoni. Ndipo nikamwomba Chandulal anisaidie kusema uongo. Alikubali, ila kisima kilimtoka Shantaben mwenyewe, hatukupanga.

Sasa ni hili la pili, ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu barua ya kwanza. Hata kukuomba ushauri nilikuomba nikitumaini utanionyesha mahali pengine.

Mahali ni mizabibu yako. Pale njia panda. Tumetembea upande wote huu, hapana pengine. Pako juu, gari linafika, njia ya kila mlango inakutana hapo, hata wanawake wanaotoka kisimani hupumzikia ukingoni mwangu. Wamesema nitapewa kiwanja kingine badala yake, huko mbele. Lakini ile si yangu kuitoa. Nilisimama siku ya harusi yako, mbele ya wazee waliotoka Kondoa, nikasema kwa sauti ya kufika barabarani kwamba mimi Hamidu sikujaliwa mtoto, na mizabibu hii ni ya Munira. Watu wakaitikia. Neno lililoitikiwa halirudi mdomoni kwa aliyelisema, wewe unajua kwetu ilivyo. Ni wewe tu unayeweza kulifungua.

Mkutano ni Jumamosi ya tarehe kumi na saba Mei. Ukisema hapana, nitakaa kimya pale, na buluu itabaki ng'ambo, na hakuna atakayenisikia nikilisema hili tena. Sikulaumu. Ile mizabibu uliipalilia ukiwa na sare za shule.

Lala. Usinyanyuke kuniandikia kama daktari amekataza. Mwambie Habibu aandike.

Hamidu


Songea
14 Mei 2025

Mjomba, shikamoo.

Naandika mwenyewe, na barua anaishika kondakta wa basi mpaka kwa Mzee Chandulal, maana posta sitaiamini kwa hili.

Nimelia siku ya kwanza. Siku ya pili nikakasirika, nikamwambia Habibu kwamba nitakuja kwa gari la mizigo ikibidi nikugombeze. Akasema, "Mwenye kugombezwa ni nani? Wewe ulikuwa ofisini."

Kisha nikakumbuka yale niliyokuandikia. Nilikaa hapa kitandani nikakupangia masharti kama mwalimu: njia zikutane, pawe juu, gari lifike. Nilikuwa na mji wa watu fulani kichwani, watu wasio na majina. Na wewe ukatoka na barua yangu mkononi ukaipima ardhi, na ikakupeleka mpaka shambani kwangu. Ningekuwa afisa wa huko ningeichagua bila kufikiri, ningeuliza tu mwenye shamba ni nani, nikaambiwa ni Munira fulani yuko Songea, nikasema ataelewa.

Basi ameelewa. Habibu amekaa hapa, na mama mwenye nyumba wetu, Bi Penina, nimemwita awe shahidi, kwa sababu nilipewa mbele ya watu na siwezi kurudisha nikiwa peke yangu. Nimesema kwa sauti: mizabibu ile naitoa kwa zahanati. Wameitikia wote wawili. Bi Penina hakujua anaitikia nini, lakini ameitikia kwa nguvu.

Mwambie Jordan nina maneno machache. Lango lielekee njia ya wanawake, lisielekee barabara kuu kwa ajili ya kupendezesha. Pawe na baraza ya kukaa nje yenye maji, kwa sababu anayemleta mgonjwa naye huchoka. Na safu ya mwisho ya mizabibu, ile ya upande wa magharibi, wasiing'oe. Waipandishe juu ya fito, iwe kivuli cha wanaosubiri. Aandike kwenye ramani, kisichoandikwa hung'olewa.

Nyumba ya mama haiguswi, nimeangalia. Nimeuliza hilo kwanza, Mjomba, kabla ya yote. Usinifikirie mwema kupita kiasi.

Simu sitapiga. Namba ya Jordan ninayo, na ya Chandulal ninayo, na naweza kuwaambia wampelekee simu. Lakini kama mama aliweka kidole mdomoni, basi mwenyewe ndiye atakayekiondoa. Nitangoja.

Na wewe usinidanganye tena juu yake. Juu ya kuku na mafahali endelea.

Munira


Kwa Chandulal
6 Julai 2025

Kwako mama Tabu,

Ndiyo, nimekuita hivyo, kwa kuwa habari imefika. Habibu alimpigia Chandulal dukani, na Chandulal, mzee wa miaka yote ile, alifunga duka mchana akaja Zuzu mwenyewe kuniambia: binti, na jina amepewa Tabu. Shantaben aligawa jalebi mpaka kwa wateja wa duka la jirani. Mimi nilipokea kwa utulivu kama mtu mzima. Wakikwambia nililia, lilikuwa vumbi. Unajua upepo wa Julai.

Mkutano nikusimulie. Barua yako ilifika Ijumaa, mchana, mkutano kesho yake. Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kuhutubia, na hotuba nilikuwa nayo ambayo ingemtoa machozi meya wa jiji. Nikafungua mdomo nikasema, "Mizabibu ya njia panda, mwenyewe ameitoa." Nikakaa. Ndiyo hotuba yote. Mzee mmoja akaniuliza, "Hamidu, unaumwa?" Nikamwambia hapana, leo sina la kuongeza.

Kijana Jordan alipanda kwenye ramani na kalamu, akapaka buluu pale. Ile ya ng'ambo imegeuzwa kijani, watoto watacheza mpira. Lango ameliandika, baraza ameiandika, na ile safu ya magharibi ameichorea vijiti vidogo vidogo, kila mzabibu na kijiti chake. Akaniuliza, "Mzee, inatosha?" Nikamwambia ongeza kimoja, mmoja umejificha nyuma.

Usidhani imejengwa. Sikudanganyi, ulinikataza. Bado ni buluu tu kwenye karatasi, na mawe ya mipaka manne yenye namba, na moja kati yake jirani keshafungia mbuzi. Wanasema bajeti ya mwaka huu, wengine wanasema ya mwakani. Lakini kila asubuhi napita pale kuangalia mawe kama yamelala salama. Nimeanza kuitwa mganga mkuu. Sikatai.

Mama yako anatembea na fimbo mpaka langoni. Maneno yanarudi. Jioni nachukua ungo na mkaa, naandika herufi, yeye anasoma kwa sauti. Nikikosea herufi ananipiga na ile fimbo, kwa hiyo naona anapona. Kusoma alinifundisha yeye, nawe unajua, lakini sasa ndipo ninapojua alikuwa na subira kiasi gani.

Wiki iliyopita nilimuuliza kitu ambacho kimenikaa tangu Januari. Nilimuuliza, dada, pale relini ulitaka kusema neno gani? Maana mimi nilidhani ni shahada, nikawa naitamka mimi sikioni mwake, tena na tena, treni haiondoki, nikijua namuaga dada yangu. Akafikiri. Akalitafuta neno muda mrefu. Kisha akasema, "Su-fu-ria." Alikuwa ameacha maharage motoni. Mimi namsomea shahada, yeye anawaza maharage. Tulicheka, Munira, mpaka jirani wakaja. Alicheka kwa uso wote, au karibu wote.

Na ni kweli yaliungua. Sufuria ile niliitupa.

Nimemsomea ile barua yako ya Mei, yote, hata pale ulipoandika kwamba utangoja. Jana akaniomba kalamu. Hapo chini si mimi niliyeandika, ni yeye, kwa mkono wa kushoto kama ulivyomwambia. Herufi zimelala, lakini nimezihesabu, zimo zote za jina lako. Kisha akanyoosha kidole kabatini.

Basi nikwambie, yule fahali wa Morogoro ameitapika simu. Ni nzima, ina kachaji kidogo. Piga Ijumaa baada ya alasiri, mwekee mtoto karibu asikie. Na usimsaidie maneno, mwache ayatafute mwenyewe. Anakwenda polepole, lakini anafika.

Mjomba wako,
Hamidu

M U N I R A